Vifyonza vumbi vya zamani kwa nyumba ya Nairobi: Hoover Junior, Kirby, Electrolux, Nilfisk au Rainbow?

Anayetafuta kifyonza vumbi cha zamani jijini Nairobi kwa kawaida hukipata kwa njia tatu: kwenye uuzaji wa vyombo vya familia inayohama, kwenye mnada wa vifaa vya hoteli au ofisi, au kwa fundi wa umeme aliyeachiwa mashine na mwenyewe asirudi kuichukua. Bei huwa nafuu kwa sababu wauzaji wengi huiona mashine hiyo kuwa chuma chakavu. Ugumu uko kwenye kuchagua, kwa kuwa mashine mbili za umri mmoja, zinazong'aa sawasawa, zinaweza kuwa na hatima tofauti kabisa: moja ikafanya kazi miaka mingine ishirini, na nyingine ikakaa stoo kwa kukosa mkanda wa mpira usiozidi upana wa kidole.

Ninalinganisha hapa mashine tano ninazozipenda na ambazo naamini zinastahili kumilikiwa, pamoja na moja ya sita ambayo naigusia tu. Kipimo changu kikuu ni hiki: je, mashine inaweza kufunguliwa, kusafishwa na kutengenezwa hapa Nairobi, kwa vipuri na ufundi uliopo hapa, huku ikiliondoa vumbi la hapa? Uzuri wa umbo nauthamini sana na nitautaja, lakini unafuata baada ya hilo.

Vumbi letu na hewa yetu

Vumbi la Nairobi lina sura zaidi ya moja. Upande wa Karen, Kikuyu na Kiambu ni udongo mwekundu laini unaopenya chini ya mlango hata madirisha yakiwa yamefungwa. Upande wa Embakasi na Syokimau ni udongo mweusi ambao ukikauka hupasuka na kugeuka vumbi la kijivu. Na kando ya barabara kubwa kama Jogoo Road huongezeka masizi ya dizeli. Kwenye vigae au terazo vumbi hili hukaa juu, na hata ufagio huliondoa. Kwenye zulia mambo ni mengine. Chembe nzito huzama hadi kwenye mashina ya nyuzi, na kila anayekanyaga huzisaga nyuzi hizo, hivi kwamba zulia huanza kupukutika pale watu wanapopita zaidi ilhali kwa juu linaonekana safi. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi linahusu sakafu yake kabla ya kuhusu mashine.

Jambo la pili, ambalo sijasikia muuzaji yeyote akilitaja, ni kimo cha jiji letu, ambacho ni karibu mita 1,795 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban moja ya sita, na nguvu ya feni ya kufyonza hutegemea uzito wa hewa inayoisukuma. Mashine ile ile itavuta kwa nguvu pungufu kidogo Nairobi kuliko Mombasa, na mota yake itapoozwa na hewa hafifu zaidi. Mashine inayotegemea kufyonza peke yake hupoteza kitu hapa. Ile yenye brashi inayopiga zulia haipotezi pigo lake, kwa maana brashi huendeshwa na mkanda. Hii ni sababu mojawapo inayonifanya niziweke mashine za brashi mbele kwa yeyote mwenye mazulia mazito.

Wati nazo zisimpoteze mnunuzi. Kwa miaka mingi vifyonza vumbi vipya viliuzwa kwa kutangaza wati 2,000 na zaidi, kana kwamba umeme unaotumika ndio usafi unaopatikana, hadi Umoja wa Ulaya ulipoweka kikomo cha wati 1,600 kwa mashine mpya kuanzia Septemba 2014, kisha ukakishusha hadi wati 900 Septemba 2017. Mashine nyingi za katikati ya karne iliyopita zilifanya kazi yao kwa wati mia chache tu, kwa sababu wahandisi wake walitilia maanani brashi, mdomo wa kufyonzea na njia ya hewa. Kwa mwenye kununua tokeni za umeme, hiyo ni faida inayoonekana kila wiki.

Hoover Junior na Kirby: mashine zinazopiga zulia

Mashine hizi mbili zina chimbuko moja, jimbo la Ohio nchini Marekani. Katika mji wa Canton, James Murray Spangler, mfanyakazi wa usafi katika duka kubwa na mtu aliyesumbuliwa na pumu, aliunganisha mota ya feni, brashi, mpini wa ufagio na foronya, akapata hataza mwaka 1908. Haki zake zilinunuliwa na William Henry Hoover. Mwaka 1926 kampuni ya Hoover ikatoa Model 700, ambayo rola yake ilikuwa na vyuma vya kupigia pamoja na brashi: mfyonzo huliinua zulia kidogo, vyuma hulipigapiga, chembe hutikisika hadi juu, na hewa huzibeba hadi mfukoni. Kirby nayo ilitoka Cleveland, katika jimbo hilo hilo, ambako Jim Kirby alifanya kazi na kampuni ya Scott & Fetzer; Model C ya mwaka 1935 ndiyo iliyobeba jina lake.

Hoover Junior ilitengenezwa Uingereza, na ndiyo ndogo katika ukoo wa Hoover za kusimama. Ilianza katikati ya miaka ya 1930 na kuendelea kwa miongo kadhaa, ikitoka katika kiwanda cha Perivale, magharibi mwa London, kilichofunguliwa mwaka 1933 na kubuniwa na Wallis, Gilbert and Partners. Jengo lenyewe bado lipo, ingawa siku hizi lina duka kubwa na nyumba za kuishi. Kwa mkazi wa Nairobi, neno Uingereza lina uzito wa pekee: umeme wao na wetu ni wa takriban volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, na plagi yetu ya pini tatu ndiyo yao. Hoover Junior hailetwi na transfoma wala haihitaji maelezo. Plagi ikiwa nzima na waya zikiwa salama, inaingia ukutani.

Uzuri wake mkubwa unaonekana inapopinduliwa. Bamba la chini linatoka, na mbele ya macho kuna rola ya brashi na mkanda wa mpira unaoiunganisha na mhimili wa mota. Kwa kuwa mihimili hiyo miwili imekatana kwa pembe ya mraba, mkanda hupindwa robo ya mzunguko katikati, na upande wa kupinda ni muhimu mno: ukipindwa kinyume, brashi nayo huzunguka kinyume na kuutupa uchafu mbele badala ya kuupeleka kwenye mdomo wa mashine. Ukishaelewa hilo, kubadilisha mkanda ni kazi ya dakika chache isiyohitaji fundi. Mkanda uliochoka hutambulika kwa urahisi, kwani mota hulia vizuri lakini rola husimama mara tu inapogusa zulia. Baadhi ya mafundi wetu hukata pete kutoka kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki na kuifunga hapo. Pete hiyo huzunguka, lakini haina ukakamavu unaohitajika, hupata joto, na huacha unga mweusi kwenye puli. Naikubali kwa muda wa kungojea mkanda wa kweli ufike, si zaidi ya hapo. Mikanda ya Hoover Junior bado huuzwa Uingereza, ni myepesi, na jamaa anayesafiri anaweza kuibeba kadhaa kwenye bahasha.

Kirby ni mashine ya daraja jingine. Mwili wake ni wa alumini iliyomiminwa na kusuguliwa hadi ikang'aa, na matoleo kama Classic ya miaka ya 1970 na Heritage ya miaka ya 1980 yana uzito ambao mkono huuhisi mara moja. Toleo la Generation 3 la mwaka 1990 lilikuja na mfumo wa kujiendesha, mota ikisaidia kusukuma magurudumu mbele na nyuma, na kwa mtu wa makamo mwenye mazulia ya ukuta kwa ukuta huo ni msaada wa kweli. Mdomo wa mbele unatoka, bomba linafungwa mahali pake, na mashine ile ile inasafisha makochi, mapazia na ngazi. Kuna vifaa vya kusugua sakafu na vya kuosha zulia kwa povu, vyote vikifungwa kwenye mota moja. Katika kuondoa mchanga uliozama ndani ya zulia nene, sijaona mashine ya zamani inayoipita Kirby iliyo na mkanda mzuri na brashi isiyochakaa. Jambo jingine la kumfurahisha mmiliki ni kwamba kampuni haikubadilisha mambo ovyo, na mkanda wa aina moja huingia kwenye matoleo ya miongo mingi.

Tatizo la Kirby hapa ni umeme. Nyingi zinazofika kwenye mizigo ya watu wanaorudi kutoka Marekani ni za volti 120, na ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi yetu, mota yake huungua papo hapo. Zipo za volti 240 zilizotengenezwa kwa masoko ya nje, na hizo ndizo za kutafutwa. Kibandiko chenye namba huwa kwenye mwili wa mashine, na kisomwe na mnunuzi mwenyewe kabla ya kutoa pesa, kwa sababu plagi ya pini tatu iliyofungwa mwishoni mwa waya haithibitishi chochote. Yeyote anaweza kubadilisha plagi. Transfoma ya kushusha umeme inawezekana, maana mota za aina hii zenye kaboni (vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) hazijali kama mizunguko ni 50 au 60. Lakini transfoma hiyo lazima iwe na uwezo unaozidi kwa mbali wati za mashine, kwa kuwa mota huvuta umeme mwingi inapoanza, na transfoma ya uwezo huo ni mzigo mzito wa chuma unaoburutwa chumba hadi chumba. Kwa nyumba isiyo na ghorofa na yenye sebule kubwa inavumilika. Kwa nyumba yenye ngazi, singeshauri.

Mashine zote mbili zina udhaifu mmoja wa maumbile: uchafu hupita kwenye feni kabla ya kufika mfukoni. Njia hiyo fupi ndiyo inayozipa uwezo mkubwa wa kubeba mchanga, lakini sarafu, kizibo cha soda au skrubu iliyosahaulika chini ya kochi hugonga feni inayozunguka kwa kasi na inaweza kuivunja. Kabla ya kununua, inafaa kuizungusha feni kwa mkono, umeme ukiwa umetolewa, na kupapasa kila bawa. Bawa moja likiwa limevunjika, mashine nzima hutetemeka, na beringi huanza kufa polepole.

Kati ya hizi mbili, kwa anayenunua kifyonza vumbi cha zamani kwa mara ya kwanza, nachagua Hoover Junior bila kusita. Kirby ina nguvu zaidi na itaishi zaidi, lakini Junior ni nyepesi, inakaa nyuma ya mlango, inaelewana na umeme wetu, na inamfundisha mwenye nayo jinsi mashine za aina hii zinavyofanya kazi. Mwenye mazulia ya thamani na nafasi ya kuhifadhi, akipata Kirby ya volti 240, asiiache.

Electrolux na Nilfisk: mashine zinazofyonza kwa utulivu

Upande wa pili ni mashine za bomba, ambazo hewa husafishwa kwanza ndipo ipite kwenye feni. Kwa kuwa feni na mota havikutani na mchanga, mashine hizi huzeeka kwa heshima, na nimeona mota za umri wa nusu karne ambazo ndani yake zilikuwa safi kuliko mashine za plastiki za miaka mitatu.

Electrolux, kampuni ya Axel Wenner-Gren wa Uswidi, ilitoa Model V mwaka 1921, silinda iliyolala juu ya reli mbili na kuvutwa sakafuni kwa bomba lake. Umbo hilo la silinda liliendelea kwa miongo mingi. Miongoni mwa waliolibuni upya yumo Sixten Sason, ambaye pia alibuni magari ya Saab na kamera ya Hasselblad, na mkono wake unaonekana katika jinsi mistari ya mwili inavyokimbia kutoka mbele hadi nyuma bila kukatwa na vifundo visivyo na kazi. Kwa macho yangu, Electrolux za miaka ya 1940 hadi 1960 ndizo nzuri kuliko zote katika ulinganisho huu, na mtu akiniambia ataiweka sebuleni hata wakati haitumiki, namwelewa kabisa.

Zaidi ya uzuri, kuna jambo ambalo wengi hawalijui: bomba linaweza kufungwa nyuma, pale hewa inapotokea, na mashine ikawa ya kupuliza. Enzi hizo zilikuja hata na kifaa cha kunyunyizia rangi. Leo upande huo wa nyuma unafaa sana kupuliza vumbi kutoka kwenye kompyuta, redio za zamani na mashine ya cherehani, mradi bomba lisafishwe kwanza.

Shida ya Electrolux ya zamani ni mambo mawili, bomba na mfuko. Bomba lililosukwa kwa kitambaa hupasuka ndani ambako jicho halifiki, na mashine ikaonekana dhaifu ilhali mota ni nzima. Jaribio lake ni rahisi: mkono uzibe kwanza tundu la mwili wa mashine, kisha uzibe ncha ya bomba, mvuto wa pili ukiwa hafifu kuliko wa kwanza kwa kiasi kikubwa, bomba linavuja. Kuhusu mfuko, anayepata mashine iliyo na mfuko wa mwisho ndani yake asiutupe, hata ukiwa umejaa na kuchanika. Kile kibao cha kadibodi chenye tundu ndicho kiolezo cha mifuko yote itakayofuata. Kikikatwa kwa uangalifu kinaweza kugandishwa kwenye mfuko wa kisasa wa kitambaa kisichofumwa, unaouzwa kwa mashine nyingine, na kazi ikaendelea. Fundi cherehani naye anaweza kushona mfuko wa kudumu wa kitambaa cha drili kilichofumwa kwa kubanana. Huo utazuia mchanga na nywele, lakini vumbi jepesi la udongo mwekundu litapenya na kuifikia mota, kwa hiyo unahitaji kuwekwa mfuko wa karatasi ndani yake.

Nilfisk ni ya Denmark. Peder Andersen Fisker alitoa ya kwanza mwaka 1910, ikiwa na uzito wa zaidi ya kilo 17, kitu kilichohesabiwa kuwa chepesi wakati ambapo usafi wa aina hii ulifanywa na mitambo mikubwa: mashine aliyoibuni Hubert Cecil Booth huko London mwaka 1901 ilivutwa na farasi na kusimama barabarani huku mabomba yakiingizwa kupitia madirishani. Kwa Nairobi, Nilfisk ya kutafutwa ni GM80, ile ya mtungi wa alumini wenye magurudumu chini na kichwa cha mota juu.

GM80 haina urembo wa Electrolux, lakini kwa unyofu wa muundo haina mpinzani hapa. Vibanio vikifunguliwa, kichwa kinatoka kizima. Chini yake kuna chujio la kitambaa, na chini kabisa mfuko wa karatasi ndani ya mtungi. Hakuna mkanda wala brashi inayozunguka. Mtungi ukipata kishindo, unaweza kunyooshwa na fundi yeyote wa mabati. Ilipendwa na hospitali na majumba ya makumbusho kwa sababu hiyo hiyo, kwamba hewa hupita vizuizi kadhaa kabla ya kurudi chumbani, na kwa familia yenye mtoto wa pumu jambo hilo linapita mengine yote. Nguo ya chujio ikung'utwe nje, upande ambao upepo hauelekei nyumba ya jirani. Mifuko yake ni ya kuagizwa, ila ni mikubwa na hudumu.

Nikizipima hizi mbili pamoja, Electrolux ni ya kupenda na Nilfisk ni ya kutegemea. Nyumba yenye vigae, mbao au terazo pamoja na mazulia mepesi ya kukunjika haihitaji zaidi ya mojawapo. Penye zulia nene la ukuta kwa ukuta, zote mbili huacha mchanga chini, na hapo ule upungufu wa hewa yetu ya mwinuko huonekana zaidi.

Rainbow: mashine ya maji

Kampuni ya Rexair ya Marekani iliunda mashine inayopitisha uchafu kwenye beseni la maji badala ya mfuko. Hewa husukumwa ndani ya maji, vumbi hulowa na kubaki, na kitenganishi kinachozunguka kwa kasi kubwa huzuia matone na chembe zisifuatane na hewa inayotoka. Baada ya kusafisha sebule moja ya Nairobi, maji yaliyoingia yakiwa meupe hutoka na rangi ya matofali, na chini ya beseni hukaa tope zito lenye nywele na nyuzi. Hakuna mashine nyingine inayomwonyesha mwenye nyumba kwa uwazi namna hiyo kilichokuwa kwenye zulia lake.

Faida yake kwetu ni kubwa: hakuna mfuko wa kuagiza kamwe. Wakati mashine nyingine za zamani zinakufa kwa njaa ya mifuko, Rainbow ya miaka ya 1980 inaendelea na maji ya bomba. Kwa mtaa wenye mgao wa maji, lita chache za kila kazi zinaweza kumwagwa kwenye maua baadaye, kwa hiyo sioni kuwa ni kikwazo cha haki. Kikwazo cha kweli ni nidhamu. Beseni lazima limwagwe, lioshwe na likaushwe siku ile ile. Likiachwa usiku mmoja na tope lake, harufu yake hurudi kila mashine inapowashwa, na kitenganishi kikiota uchafu mota huanza kulia kwa sauti ya juu isiyo ya kawaida. Kwa nyumba ambayo kazi ya usafi hufanywa na watu tofauti kila wiki, singeinunua. Na swali la volti 120 linarudi hapa kama lilivyo kwa Kirby.

Constellation, kwa ufupi

Hoover Constellation ya katikati ya miaka ya 1950 ni ile ya mviringo kama tufe, iliyoundwa ielee juu ya hewa yake yenyewe inayotoka chini. Ni jambo la kustaajabisha kuliona likisogea bila magurudumu. Kwenye sakafu laini huteleza vizuri, lakini hewa ile ile inayoiinua hupuliza vumbi ambalo bado halijafyonzwa, na kwenye sakafu yenye nyufa hewa huvuja na mashine ikakaa chini. Naihesabu kuwa ya mkusanyaji. Mwenye nafasi na mapenzi anunue. Mwenye kutaka nyumba safi achague mojawapo ya zilizotangulia.

Umeme na ukaguzi

Mashine yoyote ya zamani isiwashwe kabla ya waya wake kukaguliwa kwa urefu wake wote. Mpira wa zamani hukauka na kupasuka, hasa pale waya unapoingia kwenye mpini na kwenye plagi. Mashine za Uingereza za kabla ya miaka ya 1970 hutumia rangi za zamani: nyekundu ni waya wa moto, nyeusi ni wa kurudi, kijani ni wa ardhi, za baadaye ni kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa njano. Fundi aliyezoea rangi moja tu anaweza kufunga vibaya. Mashine yenye mwili wa chuma na waya mbili tu, bila wa ardhi, ipelekwe kwa fundi anayeaminika ili iongezewe waya wa ardhi na kupimwa kwa mita, na hadi hapo isiguswe na mtu aliyesimama peku kwenye sakafu ya saruji. Fyuzi ya ndani ya plagi nayo iendane na mashine. Fyuzi ya ampea 13 kwenye mashine ya wati mia chache hailindi kitu, wakati ya ampea 3 mara nyingi inatosha.

Kaboni za mota ndizo zinazoisha kwanza, na kwa bahati nzuri ndizo rahisi zaidi kupatikana. Maduka ya vipuri vya grainda na drili katikati ya jiji huwa na kaboni za vipimo vingi, na iliyo kubwa kidogo inaweza kusuguliwa kwenye msasa hadi ikae sawa, ilimradi iteleze kwenye nyumba yake bila kukwama. Cheche chache za buluu kwenye kaboni mpya ni za kawaida na hupungua. Cheche nyingi za rangi ya machungwa zinazozunguka mhimili mzima ni ishara kwamba koili imeungua, na ingawa mafundi wa kusuka mota upya wapo, gharama hiyo ina maana kwa Kirby au Nilfisk. Kwa Hoover Junior ni afadhali kutafuta nyingine na kubaki na ya kwanza kwa ajili ya vipuri.

Ipi kwa nyumba ipi

Kwa nyumba ya zamani ya Lavington au Karen yenye sakafu ya mbao na mazulia machache ya thamani, ningechukua Electrolux ya silinda na Hoover Junior pamoja, kwa sababu bei ya zote mbili mara nyingi haifiki ya mashine moja mpya ya kiwango cha juu. Kwa nyumba ya Buruburu au South B yenye zulia la ukuta kwa ukuta na watoto wanaoingia na viatu, Kirby ya volti 240 ndiyo jibu, na Junior ndiyo mbadala wake. Kwa fleti ya vigae vitupu ya Kileleshwa, mashine za brashi hazina kazi, na Nilfisk inatosha kabisa. Kwa mwenye pumu, Nilfisk kwanza, kisha Rainbow ikiwa yeye mwenyewe ndiye atakayeiosha.

Na kwa yeyote atakayenunua mashine ya mkanda, aagize mikanda mitatu au minne kwa mpigo na kuihifadhi gizani, mbali na jua la dirishani na mbali na jiko, kwani mpira uliokaa kwenye joto huanza kupasuka hata kabla haujafungwa kwenye mashine.